Kumkumbuka Baregu ni kuulinda mkataba wa mhadhiri

Msomi akifa nchini kwetu husifiwa kwa maneno ambayo, kama angeyasema mwenyewe akiwa hai, yangemletea barua ya kujieleza. Profesa Mwesiga Baregu, mwalimu wa sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa aliyefariki dunia Juni 2021, hakukosa sifa hizo: msomi, mzalendo, mtetezi wa haki, mlezi wa vijana. Zote anastahili. Lakini mwaka 2009, Baregu akiwa bado ana nguvu za kufundisha, Serikali ilikataa kumwongezea mkataba katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtumishi wa umma hapaswi kushika uongozi wa chama cha siasa, naye alikuwa kwenye safu ya juu ya CHADEMA. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba kazi mbili tunazomkumbuka nazo, kutetea haki za raia na kulea wanafunzi, zilikuwa kazi moja, na kwamba uamuzi ule wa 2009 haukumwadhibu yeye kama ulivyowaadhibu wanafunzi ambao hawakupata kuketi mbele yake. Baregu alikuwa mtu wa Kagera. Hata hivyo ushahidi wa hoja hii nautafuta Mbeya na Iringa, kwa sababu katika miaka hii kumi na tano mikoa hiyo imetupa mifano mingi ya haki zilizoandikwa vizuri na kutetewa vibaya.

Wasifu wake unajulikana, kwa hiyo naupitia haraka. Alifundisha Dar es Salaam kwa miaka mingi, akaandika kuhusu usalama na siasa za kusini mwa Afrika, na mwaka 2003 akahariri pamoja na Christopher Landsberg kitabu kuhusu changamoto za usalama kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi Kongo. Baada ya mlango wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kufungwa alihamia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Aprili 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Tazama mfuatano huo: mtu aliyeonekana hafai kufundisha vijana wa miaka ishirini na miwili kwa sababu ya chama chake, chini ya miaka mitatu baadaye alionekana anafaa kuiandikia nchi nzima rasimu ya katiba, na Rais ni yule yule. Mimi sioni unafiki hapo. Naona Serikali ambayo, ilipohitaji akili ya mtu, ilijua fika kwamba uanachama wake si ugonjwa wa kuambukiza.

Watu wengi wakisikia kwamba profesa fulani alilea wanafunzi hufikiria nasaha za ofisini, barua za kuombea udhamini, labda na nauli ya kurudi nyumbani. Hayo yapo. Ulezi wa kitaaluma wenyewe ni kazi kavu zaidi. Chukua mwanafunzi wa mwaka wa tatu mjini Iringa anayeandika tasnifu kuhusu utawala wa vijiji wilayani Kilolo. Anapeleka rasimu yenye sentensi ambayo msimamizi yeyote ameshakutana nayo: wananchi hawahudhurii mikutano kwa sababu hawana mwamko. Msimamizi mvivu anaweka tiki. Msimamizi wa kweli anazungushia penseli neno mwamko na kuuliza pembeni: nani amekwambia? Umeona muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji? Mapato na matumizi yalisomwa mara ya mwisho lini, na yalibandikwa wapi? Mkutano uliitishwa saa ngapi, siku ya gulio au siku ya palizi? Mwanafunzi anarudi kijijini, anamsumbua mtendaji, anaonyeshwa daftari lenye kurasa tupu, na anagundua kwamba watu waliacha kuhudhuria baada ya kuuliza kuhusu fedha za mradi wa maji na kujibiwa vibaya. Kuanzia hapo kijana huyo si yule aliyeondoka chuoni. Amejifunza kwamba kauli ya mwenye madaraka hukaguliwa kama kauli nyingine yoyote, na kwamba raia anayenyamaza huwa na sababu zake. Hilo ndilo somo zima la haki za kiraia, na limefundishwa kwa penseli.

Kinyume chake pia kipo, na kila aliyepita chuoni anakijua. Nje ya mageti ya vyuo vyetu kuna vibanda vya kompyuta ambako mtu mwenye bumu mfukoni anaandikiwa risechi nzima, pamoja na majedwali ya watu ambao hawakuwahi kuhojiwa. Tunalaumu vijana kwa uvivu. Lakini mhadhiri anayesimamia tasnifu nyingi kuliko anavyoweza kuzisoma, anayefundisha kwa mkataba wa muda na kujua kwamba swali moja baya likimfikia mkuu wa wilaya litamgharimu, ana kila sababu ya kuweka tiki na kupita. Woga wa mwalimu hushuka hadi kwa mwanafunzi bila kutamkwa. Mada za tasnifu zinakuwa laini, mapendekezo ya mwisho yanasema Serikali iongeze elimu kwa umma, na kila mtu anahitimu.

Nchi yetu haina uhaba wa haki kwenye karatasi. Hati ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba ya 1977 kwa marekebisho ya 1984, na tangu 1988 mahakama zinaweza kuitumia. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kukusanyika, ya 21 haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu mtu. Tatizo limekuwa kumpata mtu wa kuidai haki hiyo mahali pale pale inapovunjwa, kwa lugha ambayo ofisi haiwezi kuipuuza. Angalia Mbarali. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, eneo la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na vijiji vilivyokuwa vikilima mpunga na kulisha mifugo vikajikuta ndani ya mpaka. Mgogoro ulidumu zaidi ya muongo mmoja, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba vijiji na vitongoji kadhaa vitaondolewa. Mwaka uliofuata malalamiko ya wananchi yalifika mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, kwa sababu benki hiyo ilikuwa imeidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW wa kuendeleza utalii wa kusini. Aprili 2024 benki ilisimamisha utoaji wa fedha, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Wapo wanaouona mwisho huo kama ushindi na wapo wanaouona kama hasara ya mabilioni kwa mikoa ya kusini. Ninachotaka msomaji akione ni njia malalamiko hayo yaliyopitia. Mkulima wa Mbarali alisikika Washington kabla ya kusikika vizuri Mbeya, tena kwa msaada wa Oakland Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani. Kutoka Rujewa hadi jijini Mbeya ni mwendo wa saa chache tu kwa basi. Jijini humo kuna kampasi ya Mzumbe, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kuna Teofilo Kisanji, kuna chuo kikuu cha Kanisa Katoliki. Ukivuka kwenda Iringa kuna Mkwawa, ambacho tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kuna Chuo Kikuu cha Iringa na kuna Ruaha. Mgogoro wa ardhi wa miaka kumi na tano, wenye hifadhi, mto, mkopo wa kimataifa na maelfu ya watu, ni mada ya tasnifu mia moja. Mahali ambapo wasomi wanaogopa mada kama hiyo, mkulima hana budi kumtafuta wa kumsemea ng'ambo, na akimpata tunaanza kulalamika kwamba anatumiwa na mabeberu.

Iringa ina ushahidi mchungu zaidi. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, CHADEMA walikwenda kufungua tawi. Polisi walikuwa wamezuia shughuli za kisiasa kwa maelezo kwamba sensa ya watu na makazi ilikuwa inaendelea. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa, alikuwa pale kikazi. Picha zilizosambaa zinamwonyesha akiwa chini, amezungukwa na askari wenye ngao na kofia ngumu. Aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu sana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwaka huo huo wa 2012, Baregu na wenzake katika Tume ya Warioba walikuwa wakizunguka nchini kuwauliza wananchi wanataka katiba ya namna gani. Kwa hiyo Serikali moja ilikuwa na gari linalokwenda kijijini kusikiliza raia na gari jingine linalokwenda kijijini kuwatawanya, na yote mawili yalikuwa yanatekeleza amri halali kwa mujibu wa walioyatuma.

Miaka sita baadaye Mufindi ilirudi kwenye habari. Machi 2018 Abdul Nondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kiongozi wa Mtandao wa Wanafunzi Tanzania, alitoweka Dar es Salaam na kuonekana Mafinga, akisema ametekwa. Badala ya kutafutwa watekaji, alishtakiwa yeye katika mahakama mjini Iringa kwa kutoa taarifa za uongo. Chuo kikamsimamisha masomo wakati kesi ikiendelea. Novemba mwaka huo mahakama ilimwachia huru. Hapa pana jambo la kutazama kwa utulivu. Hakimu, mwenye mashahidi wa pande zote mbili mbele yake, hakuona kosa. Chuo hakikusubiri kuona. Taasisi iliyopaswa kuwa mlezi iliwahi kuhukumu kuliko mahakama, na ujumbe uliowafikia wanafunzi wengine haukuhitaji kubandikwa ubaoni.

Mbeya nayo. Februari 2018 mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, aliyewahi kuwa sauti ya vijana kwa jina la Sugu kabla ya siasa, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatamka dhidi ya Rais kwenye mkutano wa hadhara. Agosti 2024 polisi walizuia mkutano wa siku ya vijana uliokuwa ufanyike jijini humo na kuwakamata mamia ya watu, viongozi wa kitaifa wa CHADEMA wakiwemo. Mei 2025 mwanaharakati Mdude Nyagali alivamiwa usiku nyumbani kwake Mbeya na kuchukuliwa. Polisi walikana kumshikilia. Siyataji haya ili kuhukumu kila upande wa kila tukio, kwani mahakama na vyombo vya uchunguzi vina kazi yao. Nayataja kwa sababu haya ndiyo mazingira ambamo mhadhiri wa sayansi ya siasa mjini Mbeya anaingia darasani Jumatatu asubuhi kufundisha mada ya uhuru wa kujumuika. Wanafunzi wake wanasoma habari kama yeye. Akilipita jambo la mtaa wa pili na kukimbilia mifano ya Ugiriki ya kale, amewafundisha somo jingine ambalo halimo kwenye mtaala.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito na linastahili jibu zito. Linasema: sheria ni msumeno. Mtumishi wa umma analipwa na walipa kodi wa vyama vyote, hivyo asiwe kiongozi wa chama chochote, na Baregu aliijua kanuni hiyo. Nakubali kwamba utumishi wa umma usioegemea chama ni jambo jema. Mkurugenzi wa halmashauri, ofisa wa kodi, mkuu wa kituo cha polisi, hao wakiwa viongozi wa chama wananchi wataumia moja kwa moja. Lakini hatari ya mhadhiri ni ya aina nyingine. Mamlaka yake ni ya hoja, na wanaomsikiliza wana akili timamu, wana vitabu, na wana mhadhiri mwingine saa nane mchana mwenye mtazamo tofauti. Pia msumeno huu haukukata mbele na nyuma. Dk. Kitila Mkumbo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu kile kile na mjumbe wa Kamati Kuu ya chama kile kile hadi 2013, naye aliendelea kufundisha. Kama kanuni ilikuwa kanuni, mmoja wao alionewa au mwingine alipendelewa. Tofauti iliyopo ni kwamba Baregu alikuwa amefika umri wa kustaafu na alihitaji saini ya kuongezewa muda. Kumnyima saini ni rahisi kuliko kumfukuza mtu, maana hakuhitaji mashtaka, kikao cha nidhamu wala rufaa. Na hatujawahi kulalamika mhadhiri anapotoka darasani kwenda upande wa pili wa uwanja. Dk. Tulia Ackson alifundisha sheria Mlimani kabla ya kupanda hadi kiti cha Spika akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, na watu wa Mbeya walijivunia usomi wake. Walikuwa sahihi.

Pingamizi la pili linasema kwamba mtu wa chama hawezi kuitwa mtetezi wa haki za raia, kwa kuwa anatetea haki za wafuasi wake tu. Kwa wanasiasa wengi lawama hiyo inashika vizuri. Kwa Baregu tunao waraka wa kumpimia, nao ni rasimu ya pili ya Katiba iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013. Tume ilipokea maoni ya watu zaidi ya laki tatu. Kati ya wajumbe wake walikuwemo mawaziri wakuu wastaafu, majaji, makada wa CCM na watu wa dini. Humo Baregu alikuwa sauti moja kati ya zaidi ya thelathini. Rasimu iliyotoka ilipendekeza serikali tatu, mgombea binafsi, ukomo wa ubunge, wananchi kuweza kumwondoa mbunge wao, na matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, jambo ambalo Katiba ya sasa inalikataza. Mgombea binafsi haikisaidii chama chochote. Ukomo wa ubunge unawaumiza wabunge wa upinzani sawa na wa chama tawala. Bunge Maalumu la 2014 liliyang'oa mengi ya hayo, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje Aprili, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila wao. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa hadi leo. Unaweza kuipinga hoja ya serikali tatu, na wapo wasomi makini wanaoipinga. Kuiita ya kichama kunahitaji kusahau nani walikuwa mezani.

Kuna pingamizi la tatu ambalo husemwa kwa sauti ya chini na wazazi: tumempeleka mtoto chuo apate kazi, asije akalishwa siasa akafukuzwa. Nalielewa kuliko yote, kwa maana historia iko upande wa wazazi. Mwaka 1966 mamia ya wanafunzi walifukuzwa Dar es Salaam kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliondolewa chuoni kwa nguvu. Mwaka 1978 kulikuwa na maandamano na kufukuzwa tena, na 1990 chuo kikafungwa. Lakini isomwe historia hiyo kwa makini. Mara nyingi vijana walilipuka pale ambapo hapakuwa na mahali pa kubishana kwa heshima. Mwalimu anayeruhusiwa kusema, na anayemlazimisha mwanafunzi kuthibitisha kila neno, humpoza kijana kuliko kumwasha, maana humpa njia ya tatu kati ya kunyamaza na kurusha mawe. Ndiyo maana Aprili 1990 wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu nchini walipotoa Azimio la Dar es Salaam, waliweka pamoja uhuru wa taaluma na wajibu wa msomi kwa jamii. Hawakuomba uhuru wa kupiga porojo.

Wapo watakaosema ninawasahau wasomi wa Mbeya na Iringa zenyewe. Siwasahau. Profesa Seithy Chachage, mwana wa Njombe enzi Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, alifariki Julai 2006 akiwa ameacha nyuma yake maandishi ya sosholojia, uongozi wa jumuiya ya wanataaluma wa Mlimani, na riwaya za Kiswahili, ikiwemo Makuadi wa Soko Huria ya mwaka 2002. Yeye na Baregu hawakufanana kwa fani wala kwa mrengo. Chachage hakuhitaji chama ili kuwaudhi wakubwa, uchambuzi wake wa ubinafsishaji ulitosha. Nikiulizwa ni nani kati yao alikuwa mwandishi bora, kwangu ni Chachage, bila kusita. Walichoshirikiana ni imani kwamba mwanafunzi ni msomi mdogo anayestahili kubishiwa. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa leo mjini Iringa anaweza kumaliza shahada ya sayansi ya jamii bila kulazimika kusoma ukurasa hata mmoja wa mtu aliyekulia nyanda hizi hizi.

Linabaki jibu ambalo Serikali ya 2009 ingeweza kulitoa, na pengine ndilo la kiungwana zaidi: Baregu hakunyamazishwa, alihamia SAUT akaendelea kufundisha, kwa hiyo hakuna aliyepoteza. Ni kweli kwamba vyuo binafsi vimeokoa mengi. SAUT hiyo hiyo ndiyo iliyozaa Ruaha mjini Iringa mwaka 2005 kama chuo kishiriki, na mizizi ya chuo kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya iko huko huko. Ila vyuo binafsi vinaishi kwa ada na kwa wanafunzi wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo, na vinahitaji ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu. Mkuu wa chuo mwenye madeni ya mishahara hawezi kulaumiwa sana akimwomba mhadhiri wake apunguze sauti. Kuvigeuza vyuo hivyo kuwa kimbilio la pekee la wasomi wasiotakiwa ni kuvibebesha mzigo ambao chuo cha umma, chenye bajeti ya Serikali na sheria nyuma yake, kimeukwepa. Tena aliyebaki Mlimani baada ya 2009, mwenye umri wa miaka hamsini na nane na mawazo yasiyopendeza, alifanya hesabu yake. Huyo ndiye hasara ambayo haimo kwenye kumbukumbu yoyote, kwa sababu hakuna anayeandika orodha ya mihadhara ambayo haikutolewa.

Kwa hiyo anayetaka kumuenzi Baregu asikimbilie kutafuta ukumbi wa kuubandika jina lake. Pa kuanzia ni kwenye karatasi za ajira. Umri wa kustaafu wa maprofesa umesogezwa hadi miaka 65, na hilo ni jema, lakini baada ya hapo mkataba bado unahitaji kibali cha nje ya chuo. Uamuzi huo uwe wa seneti na baraza la chuo, kwa vigezo vitatu vinavyopimika: afya, ubora wa ufundishaji, na kazi ya usimamizi wa tasnifu. Mwenye kunyimwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa. Kanuni ya uongozi wa vyama ibaki kwa watumishi wenye mamlaka ya kutoa leseni, kukusanya kodi, kusimamia uchaguzi au kukamata watu. Mhadhiri atakiwe kutangaza uanachama wake hadharani, wanafunzi wajue anayewafundisha anasimama wapi, na asahihishe mitihani kwa namba za watahiniwa bila majina. Vyuo vya Mbeya na Iringa vinaweza kuanza bila kusubiri Dodoma. Hakuna sheria inayozuia Mkwawa au Mzumbe kuweka idadi ya juu ya tasnifu kwa msimamizi mmoja, wala inayozuia mada ya Usangu, ya Nyololo au ya fedha za kijiji kupewa msimamizi wa pili ili mmoja asibebe woga peke yake. Itasemwa kwamba wahadhiri ni wachache na fedha hazipo. Fedha za kumlipa profesa mstaafu mmoja asome rasimu za wanafunzi kumi na wawili kwa mwaka ni ndogo kuliko gharama ya mahafali moja, na mahafali hatujawahi kuyakosa.